Ajali Haina Kinga? Mimi Sikubali

Methali yetu yasema ya kuwa ajali haina kinga, nasi twaitamka kila siku. Mtu akianguka kwa baisikeli mtelemkoni, ajali haina kinga. Mtumbwi ukipinduka ziwani, ajali haina kinga. Tukisha kusema hayo twanyamaza, twazika, kisha twarudi kazini. Mimi siidharau hekima ya wazee wetu. Walikusudia kumliwaza aliyefikwa na msiba, wala hawakukusudia kutuzuia tusiulize sababu. Lakini naona siku hizi twaitumia methali hiyo kama mfuniko wa chungu: tukisha kufunika, hapana atakayejua kilichomo.

Napenda wenzangu tulifikiri jambo hili kwa kutazama mchezo mmoja wa mbali, ndio mchezo wa kuruka kwa glaida. Nimeuchagua kwa sababu wachezaji wake walijifunza kwa damu ya watu ya kuwa ajali isiyosimuliwa huzaa ya pili.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Mabawa yake ni marefu na membamba, na rubani huketi mbele chini ya kifuniko cha kioo. Haiwezi kupaa peke yake, bali huvutwa na ndege yenye injini, au huvutwa kwa kamba ndefu na winchi iliyowekwa mwisho wa uwanja. Rubani akisha kuiachilia kamba, hutafuta hewa yenye joto inayopanda kutoka nchi iliyopigwa na jua. Jambo hili kila mmoja wetu amekwisha kuliona. Mtazameni tai wakati wa adhuhuri juu ya vilima vyetu, jinsi azungukavyo bila kupiga bawa hata mara moja, naye yuazidi kwenda juu. Glaida hufanya vivyo hivyo, na kwa njia hiyo watu wamesafiri mamia ya kilometa bila tone la petroli.

Labda mwenzangu mmoja atasema, "Huo ni mchezo wa matajiri wa Ulaya, watuhusu nini sisi?" Namjibu ya kuwa huko Ghana, mahali paitwapo Afienya, palifunguliwa shule ya glaida kwa ajili ya vijana katika miaka ya 1960, wakati wa Rais Kwame Nkrumah, na mwalimu wake mkuu alikuwa rubani wa Kijerumani, Hanna Reitsch. Na karibu nasi zaidi, huko Mweiga upande wa Nyeri katika Kenya, watu wameruka kwa glaida chini ya milima ya Aberdare. Lakini hata kama hapana mmoja wetu atakayeketi ndani ya glaida maisha yake yote, mafunzo yake ni mali yetu pia.

Tuanze na Otto Lilienthal. Bwana huyu alikuwa mhandisi wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1848. Tangu mwaka 1891 alijitengenezea mabawa ya miti na nguo, akaruka nayo kutoka vilimani mara zipatazo 2,000. Aliyaongoza mabawa hayo kwa kuusogeza mwili wake tu, huku miguu ikining'inia. Tarehe 9 Agosti 1896 pua ya glaida yake iliinuka kupita kiasi, mabawa yakaacha kuibeba, naye akaanguka kutoka kimo cha meta 15 hivi. Alivunjika uti wa mgongo, akafa kesho yake mjini Berlin.

Lilienthal hakuwa mtu wa kuficha mambo. Miaka yote hiyo aliandika alichokiona, akapima, akapigwa picha, akachapisha, ili mtu mwingine asome. Huko Marekani ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walisoma habari zake na habari za kifo chake. Hawakusema ajali haina kinga. Waliuliza, "Kwa nini alianguka?" Wakaona ya kuwa kuusogeza mwili hakutoshi kuitawala ndege katika upepo wa ghafula, wakatengeneza usukani wa kuinua na kushusha pua, wakauweka mbele. Glaida yao ya kwanza, ya mwaka 1900, waliirusha kwanza kama tiara, hapana mtu ndani yake. Kisha walijizoeza juu ya mchanga, karibu na nchi, na katika mwaka 1902 peke yake waliruka mara mamia. Ndipo tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini. Basi ndege zote zinazopita juu ya shule yetu zina deni kwa mtu aliyeanguka na kwa watu waliouliza sababu ya kuanguka kwake.

Sasa nitamtaja Mwingereza mmoja, Percy Pilcher, ambaye habari zake zanihuzunisha zaidi. Alikwenda Ujerumani akajifunza kwa Lilienthal, kisha akatengeneza glaida yake nzuri iliyoitwa Hawk. Mwaka 1899 alikuwa amekwisha kuunda ndege mpya ya injini, akaalika wageni waje kuitazama huko Stanford Hall tarehe 30 Septemba. Lakini injini ilivunjika kabla ya siku hiyo. Siku yenyewe ilikuwa ya mvua na upepo. Wageni wamekuja, macho yote yamemwelekea. Pilcher hakutaka waende zao bure, akapanda Hawk. Akiwa hewani sehemu ya mkia ilivunjika, akaanguka. Alikufa siku mbili baadaye, naye alikuwa na miaka 32 tu.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu asiyemjua Pilcher? Si lazima awe na mabawa. Ni yule kijana apandaye juu ya mti wa maembe kwa sababu wasichana wa shule ya jirani wanapita. Ni yule atelemkaye kilima kwa baisikeli isiyo na breki kwa sababu wenzake wanashangilia. Upepo hauwajui wageni, na mkia uliolowa mvua hauwi mgumu kwa sababu watu wanatazama. Katika vyama vya glaida vya leo rubani mwanafunzi hufundishwa ya kuwa kukataa kuruka si aibu, na mwalimu wake yuko pale kumwambia "Leo hapana." Mimi naona neno hilo "leo hapana" ni ushujaa mkubwa kuliko kuruka.

Tuje kwenye siku zetu. Glaida inayovutwa kwa winchi hupanda kwa ukali sana, na kwa muda usiotimia dakika moja huwa juu meta mia kadhaa. Kamba ikikatika wakati pua iko juu, mwendo hupotea mara moja. Moyo wa mtu humwambia avute usukani ili asianguke, na huo ndio mtego, maana akivuta, mabawa huacha kuibeba ndege, nayo huweza kuzunguka kama pia na kuanguka. Yampasa aishushe pua kwanza, angoje mwendo urudi, ndipo afikirie kutua. Kwa hiyo mwanafunzi haruhusiwi kuruka peke yake mpaka amezoezwa jambo hilo pamoja na mwalimu. Mara nyingine mwalimu huikata safari kwa makusudi, bila kumwambia, apate kuona mikono ya kijana yatafanya nini.

Tena katika kamba yenyewe huwekwa kiungo kimoja ambacho ni dhaifu kwa makusudi, ili nguvu zikizidi kivunjike hicho wala yasivunjike mabawa. Wako watu walioketi wakauliza, "Kama jambo hili lazima liharibike, liharibike wapi lisije likamwua mtu?"

Hata hivyo watu waliendelea kufa. Ndipo Chama cha Glaida cha Uingereza kilipokusanya habari za ajali zake za miaka mingi na kuzisoma moja moja. Kiliona ya kuwa nyingi zilifanana: bawa lililogusa nchi wakati wa kuondoka, pua iliyoinuliwa mapema mno, mwendo uliopotea baada ya kamba kukatika. Mwaka 2005 kilianza kuwafundisha marubani upya. Mkono usiondoke penye kitanzi cha kuachilia kamba. Ukishindwa kuyaweka mabawa sawa, achilia mara moja kabla bawa halijagusa nchi. Hawakununua mtambo wa bei kubwa. Ni maneno machache tu, tena rahisi, nazo ajali mbaya za winchi zilipungua sana. Lakini maneno hayo yasingalijulikana kama wale walionusurika wangalifunga midomo.

Hapa ndipo shabaha ya maneno yangu. Kwa nini marubani hawa husema makosa yao? Si kwamba wao ni malaika. Ni kwa sababu wamejiwekea kanuni. Mataifa ya ulimwengu yalifanya mkataba wa usafiri wa anga huko Chicago mwaka 1944, na nyongeza yake ya 13, iliyokubaliwa mara ya kwanza mwaka 1951, yasema ya kuwa shabaha ya pekee ya kuchunguza ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa. Mtu ajuaye ya kuwa ataulizwa ili wengine wapone, husema. Mtu ajuaye ya kuwa ataulizwa ili apigwe, huficha.

Na sisi je? Katika shule moja niliyosoma zamani, ambayo sitaitaja jina, palikuwa na ngazi ya mti iliyotumiwa kusafishia madirisha ya juu. Kipandio kimoja kilipasuka. Kijana aliyekuwa juu yake siku hiyo aliteleza kidogo, akashuka salama, akairudisha ngazi ghalani, akanyamaza, maana sheria ya pale ilikuwa kwamba mwenye kuvunja hulipa na tena huadhibiwa. Wiki ya pili mwingine alipanda, kipandio kikakatika, akavunjika mkono, asifanye mtihani wake mwaka ule. Watu wote walisema ajali haina kinga. Lakini kinga ilikuwapo! Ilikuwa katika kinywa cha kijana wa kwanza, na woga ndio ulioifunga.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Ukiondoa adhabu, wavulana watakuwa wazembe na kuvunja kila kitu." Hoja hii si ya kupuuzwa, wala mimi sisemi adhabu ziondolewe zote. Hata katika glaida, rubani anayevunja sheria kwa kiburi huzuiwa asiruke. Ninachosema ni kwamba kukosea si sawa na kufanya ukorofi, na mwenye kuja mwenyewe kusema "Bwana, ngazi imepasuka" asiadhibiwe kwa kusema. Kipandio kipya kina gharama ndogo kuliko mkono wa mtu.

Kwa hiyo naleta shauri mbele ya wakubwa wetu na wenzangu. Pawekwe daftari moja katika maktaba, liitwe Daftari la Kuponea Chupuchupu. Kila mtu aliyeponea hatari, katika maabara, katika karakana, jikoni, ziwani au njiani, aandike: jambo gani lilitukia, wapi, na nini kingaliweza kulizuia. Asiandike jina lake kama hapendi, wala asiandike jina la mwenzake kwa kumchongea. Kila mwisho wa mwezi viranja walisome pamoja na mwalimu mmoja, na litakalotengenezeka litengenezwe. Daftari ni bei ya shilingi chache tu.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili, wengine ni waganga, wengine mafundi wa magari, wengine mwaendesha malori au mashua. Mmeona mengi kutushinda. Twawaomba mtuandikie, si habari za vyeo vyenu tu, ambazo twazifurahia, bali na habari za siku ile mlipokaribia kufa na jinsi mlivyopona. Habari hizo zitatufaa kama akiba.

Wazee wetu walisema tena ya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mdogo atasikiaje, ikiwa mkuu aliyeanguka hakusema alipoangukia? Tusimzike mtu pamoja na funzo lake. Kama yuko mwenzangu asiyekubali maneno haya, na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita