Kijana Huyu Amepona Lini?

Chukua msichana wa miaka 16 anayepanda kitandani saa 3 usiku na kushuka saa 12 asubuhi. Katika saa hizo 9 anapata usingizi wa saa 6 na nusu. Zilizobaki anajigeuzageuza, anasikiliza wenzake wakikoroma na kuiogopa kesho. Anaanza tiba. Mtaalamu anampunguzia muda wa kukaa kitandani: asipande kabla ya saa 5 usiku, na saa 12 aamke kama kawaida. Wiki ya kwanza analala wastani wa saa 6 na robo kwa usiku. Sasa tumpime. Tukigawa muda aliolala kwa muda aliokaa kitandani, ambao ndio ufanisi wa usingizi, ametoka asilimia 72 na kufika 89. Kwa kawaida 85 huhesabiwa kuwa nzuri. Tukihesabu dakika, amepungukiwa na 15. Tukimwuliza mwenyewe, atasema amechoka kuliko siku aliyokuja.

Tiba hiyo imefaulu, imeshindwa, au imemuumiza? Hakuna kipimo kilichodanganya hapo. Kila kimoja kimejibu swali lake, na mtafiti akikichagua kimoja tu anaweza kuandika ripoti ya ushindi au ya msiba kuhusu msichana yule yule.

Ndiyo maana tumeamua toleo hili la jarida letu lihusu upimaji. Kwa miaka mingi swali lilikuwa kama vijana balehe wanaokosa usingizi wanaweza kutibiwa bila vidonge. Wanaweza. Tiba ya kisaikolojia ya fikra na tabia, iliyojengwa kwa watu wazima na wataalamu kama Richard Bootzin mwaka 1972 na Arthur Spielman mwaka 1987, imejaribiwa kwa vijana na kuonyesha matokeo ya kutia moyo. Swali lililobaki, na ambalo wengi wanaliruka, ni tunajuaje kwamba imefanya kazi, na imefanya kazi kwa nani.

Msimamo wetu ni huu. Kijana hapelekwi kliniki kwa sababu ya dakika. Anapelekwa kwa sababu mchana wake umeharibika: anasinzia darasani, anagombana na mama yake kwa jambo dogo, anasahau alichosoma jana, anakata tamaa. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, DSM-5, haumhesabu mtu kuwa na ugonjwa wa kukosa usingizi kwa sababu tu halali vizuri. Sharti tatizo litokee angalau usiku 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3, limletee dhiki au kumvurugia maisha, na liwepo ingawa mtu huyo anayo nafasi ya kutosha ya kulala. Kama mchana umo ndani ya ugonjwa wenyewe, hauwezi kuachwa nje ya kipimo cha kupona.

Tutazame jaribio mojawapo lililofanywa kwa uangalifu. Uholanzi, Eduard de Bruin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliwagawa kwa bahati nasibu vijana 116 wa miaka 12 hadi 19: wengine walitibiwa kwa vikundi, wengine kwa njia ya intaneti, wengine wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliotibiwa walipata usingizi mapema zaidi baada ya kupanda kitandani, walikesha kidogo katikati ya usiku, na usingizi wao kwa jumla uliongezeka kuliko wa waliosubiri. Uzuri wa kazi ile ni kwamba hawakuegemea chombo kimoja. Vijana walijaza shajara za usingizi, na pia walivaa aktigrafu, kifaa kinachofanana na saa ya mkononi kinachorekodi mijongeo ya mwili usiku kucha. Mabadiliko mengi yalionekana kote kuwili. Kisha watafiti wale wale waliwafuatilia vijana kwa mwaka mzima, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba usingizi ulipotengemaa, dalili za huzuni na wasiwasi nazo zilipungua. Matokeo hayo ya pili ndiyo ambayo mzazi angependa kuyasikia, na yasingepatikana kama wangefunga daftari wiki ya tiba ilipokwisha.

Jaribio la Allison Harvey na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambalo nalo lilichapishwa mwaka 2018, linafundisha kwa upande wa pili. Vijana 176 wa miaka 10 hadi 18, wote wa aina ya wanaochelewa kulala na kuchelewa kuamka, waligawanywa: kundi moja lilipata tiba, jingine lilipewa elimu kuhusu usingizi na afya. Dakika za usingizi siku za shule hazikutofautiana baina ya makundi. Mhariri mwenye haraka angeishia hapo na kuandika kuwa tiba imeshindwa. Lakini waliotibiwa walisinzia kidogo mchana, pengo kati ya usingizi wa siku za shule na wa wikendi lilipungua, na saa ya mwili wao ilirudi nyuma kuelekea mapema. Kwa kijana ambaye Jumatatu kwake ni kama kushuka kwenye ndege iliyotoka bara jingine, hayo ni mabadiliko makubwa. Hata hivyo haki itendeke pande zote: dakika za siku za shule zilikuwa miongoni mwa vipimo vikuu walivyovitaja kabla ya kuanza, nao waliripoti wazi kwamba hazikutofautiana. Uaminifu wa namna hiyo ndio unaotupa ruhusa ya kuyaamini yale mengine.

Vyombo navyo vina tabia zake, na msomaji wa tafiti hizi hana budi kuzijua. Aktigrafu haioni usingizi, inaona utulivu. Mtu aliyelala chali macho makavu, akiwaza, huhesabiwa kuwa amelala. Kwa vijana kosa linaweza kwenda upande wa pili pia: huko Australia Kusini, Michelle Short na wenzake walilinganisha aktigrafu na shajara za vijana 385 na kukuta kifaa kinawahesabia muda mrefu zaidi wa kuwa macho, hasa wavulana, pengine kwa kuwa wanajigeuza sana wakiwa usingizini. Ukimvisha mtoto anayelala kitanda kimoja na mdogo wake, kifaa kitarekodi na mateke ya mdogo. Polisomnografia, inayosoma mawimbi ya ubongo, ni sahihi zaidi kwa kutambua usingizi wenyewe, lakini usiku mmoja wa kufungwa nyaya kichwani katika chumba kigeni hautuelezi sana kuhusu Jumatano ya kawaida.

Hojaji zinatushughulisha zaidi, maana ndizo zinazoweza kutumika katika zahanati isiyo na kifaa chochote. Kielezo cha Ukali wa Kukosa Usingizi, kilichotengenezwa na Charles Morin, kina maswali 7 na jumla ya alama 28. Kuanzia 15 tatizo huhesabiwa kuwa la wastani au kali. Tunakipenda kwa sababu baadhi ya maswali yake yanahusu mchana na wasiwasi. Hojaji ya Pittsburgh ya mwaka 1989 ina alama 21, na ukizidi 5 unahesabiwa kuwa hulali vizuri. Hiyo inauliza kuhusu mwezi uliopita. Tiba ya vijana mara nyingi huchukua wiki 6 hivi. Ukimpa kijana hojaji hiyo siku ya mwisho wa tiba, anajibu kuhusu wiki zile zile alizokuwa amepunguziwa muda wa kitandani. Hapo unapima maumivu ya dawa ukidhani unapima ugonjwa.

Kwetu kuna mtego wa ziada ambao vitabu vya nje haviutaji: saa. Kijana anayejaza shajara kwa Kiswahili ataandika kwamba alilala saa 5. Simu yake ilisoma 23:00. Karani anayeingiza takwimu kwenye kompyuta anaona 5, na kijana anageuka kuwa mtu anayelala alfajiri. Tumewahi kuletewa majedwali yenye vijana wa aina hiyo. Fomu iulize wazi, iandike usiku au asubuhi, na ikiwezekana iwe na mchoro wa uso wa saa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotukera kuliko yote. Lile sharti la nafasi ya kutosha ya kulala linasahauliwa kirahisi mno. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2016, walipendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba balehe yenyewe huisogeza saa ya mwili mbele, hivyo kijana anapata usingizi usiku zaidi kuliko alipokuwa mtoto. Kanuni za Elimu ya Msingi za Kenya za mwaka 2015 ziliwapa wanafunzi wa bweni usiku wa kulala kuanzia saa 3 na nusu hadi saa 12 asubuhi, yaani saa 8 na nusu. Kwenye karatasi inatosha. Lakini yeyote aliyesoma bweni, Kenya au Tanzania, anaijua kengele ya saa 10 alfajiri, foleni ya maji ya kuoga, na kujisomea kabla jua halijachomoza.

Mwanafunzi wa namna hiyo akijaza hojaji atapata alama za juu. Atasema anachoka, anasinzia, hajaridhika na usingizi wake. Ukimwingiza kwenye jaribio la tiba, utakuwa unamfundisha kulala mtoto ambaye anajua kulala ila haachiwi. Na kwa kuwa sehemu ya tiba ni kupunguza muda wa kitandani, utakuwa unamnyang'anya na kidogo alichobakiwa nacho. Tiba ya mtoto huyo imo katika ratiba ya shule, na iko kwenye uwezo wa mwalimu mkuu na serikali; California iliifanya sheria, na tangu mwaka 2022 shule nyingi za sekondari za juu huko haziruhusiwi kuanza kabla ya saa 2 na nusu asubuhi. Utafiti unaochanganya vijana wenye ugonjwa na wale wasioachiwa kulala hauwezi kutuambia chochote kuhusu kundi lolote kati ya hayo mawili.

Muhula nao ni kipimo kilichojificha. Watu hutafuta msaada hali ikiwa mbaya kabisa, na hali mbaya kabisa mara nyingi hupungua yenyewe. Ukiwaandikisha wanafunzi wa kidato cha nne mwezi Oktoba, mitihani ikiwa mlangoni, na kuwapima tena Desemba wakiwa nyumbani, karibu wote watakuwa wamepata nafuu, hata kama tiba yako ilikuwa kuwahesabia vidole. Bila kundi linganishi lililopita likizo ile ile, namba hizo hazifai kitu.

Kwa sababu hizo, kuanzia toleo lijalo, wanaotuletea tafiti za tiba ya usingizi kwa vijana tutawaomba wataje kipimo kikuu walichokichagua kabla ya kuanza na waoneshe angalau kipimo kimoja cha mchana, kiwe mahudhurio, usinziaji darasani au hali ya moyo. Watueleze vijana wangapi waliacha tiba njiani na kwa nini, na wawapime tena miezi kadhaa baadaye, kwenye kipindi cha muhula kinacholingana na kile cha mwanzo. Pamoja na hayo tunataka ratiba halisi ya shule walikosoma vijana hao: kengele ya kulala inagongwa saa ngapi, ya kuamka saa ngapi. Muswada usio na ratiba hiyo tutaurudisha kwa mwandishi kabla haujafika kwa mhakiki.