Niliacha kupekua simu, nikapata kesi

Huku Tukuyu tunaendelea na mvua. Kama hujawahi kuishi Rungwe, nikwambie tu kwamba mvua yetu haina adabu. Ikifika Machi na Aprili inakaa kama mgeni aliyekuja na mabegi. Ukungu unashuka jioni mpaka mgomba wa jirani huuoni, na mtu na mwenzi wake wanabaki ndani na jiko la mkaa katikati. Kama mnaongea, raha tupu. Kama hamuongei, we acha tu.

Masika ya mwaka jana sisi tulikuwa hatuongei. Hatukugombana, ila maneno yaliisha. "Umekula?" "Nimekula." "Luku imebaki ngapi?" Basi. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mimi ni mhasibu. Akaanza kutoka nje kupokea simu, tena kwenye mvua! Mtu anachukua mwavuli aende kuongea na simu chini ya mparachichi, wewe ungefikiria nini?

Nikafanya hilo hilo unalolifikiria. Akiingia bafuni, mimi niko kwenye simu yake. Nikakuta jina "Fundi" linapiga mara nne kwa siku, na kila Ijumaa kuna hela inaondoka. Fundi gani analipwa kila wiki na bati letu bado linavuja? Nikajua tayari ninaye mwenzangu. Nilichobakiza ni kumfahamu sura.

Katikati ya hali hiyo, dada mmoja wa ofisini akanipa flashi. "Kuna picha za upelelezi humo, utazipenda." Mimi na upelelezi tena! Jumamosi moja umeme uliporudi nikaichomeka kwenye laptopu. Ikaja picha haina rangi, watu wamevaa kofia na suti za babu zetu. Nikataka kuitoa. Mume wangu, ambaye alikuwa kajikunyata kochini, akasema, "Acha kidogo, nimwone huyo mbwa."

Picha yenyewe inaitwa The Thin Man, ya mwaka 1934. Stelingi ni Nick Charles, mpelelezi aliyestaafu kazi baada ya kuoa mwanamke tajiri, Nora. Wamekuja New York kula Krismasi na mbwa wao Asta. Kuna mtu kapotea, watu wanauawa, na kila mmoja anamtaka Nick aingie kwenye kesi. Yeye hataki. Anayetaka ni mkewe! Nora anataka kujua nani kaua, na hataki kuhadithiwa.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video, Lufufu akitutafsiria, tumezoea stelingi wa kuruka ghorofa. Na wapelelezi tunao wa kwetu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na rafiki yake Najum, yupo vitabuni tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960. Lakini mpelelezi anayetaniana na mke wake huku maiti ziko sakafuni, huyo nilikuwa sijamwona.

Kuna mahali Nora anamkuta mumewe baa. Anamuuliza umekunywa ngapi, anajibiwa hii ni ya sita. Unadhani ananuna? Anamwita mhudumu, anaagiza tano nyingine zipangwe mstari mbele yake, amfikie mwenzie. Mahali pengine Nick anamhadaa Nora, anampakia kwenye teksi na kumpeleka kutazama kaburi la Rais Grant ili yeye aende kwenye hatari peke yake. Baadaye, kwa uchokozi, anamuuliza kaburi ulilionaje? Nora anamjibu limependeza, anamchongea la kwake kama lile.

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho kwa muda wa miezi miwili. Halafu tukafika chumbani kwao, kumbe wanandoa wale wanalala vitanda viwili, kila mtu na chake! Ndivyo sinema za Marekani za siku zile zilivyoonyesha ndoa. Mume wangu akaniangalia, akasema taratibu, "Hawa wana vitanda viwili na wanaongea usiku kucha. Sisi tunacho kimoja." Hakumalizia.

Tuliiona hadi mwisho, ile karamu Nick anapowaketisha watuhumiwa wote meza moja. Nikazima laptopu. Mvua inapiga bati, maji yanadondoka kwenye sufuria. Nikamwambia, "Mume wangu, nimepekua simu yako. Fundi ni nani?"

Kimya. Kisha akasema, "Fundi si mwanamke."

Alikuwa kamdhamini rafiki yake mkopo wa bodaboda. Rafiki kalipa miezi miwili, kazima simu, kahama. Mkopeshaji, wale wa kausha damu, akamgeukia mdhamini. "Fundi" ndiye mkusanyaji wa madeni. Na kwa nini hakuniambia? Kwa sababu mimi mhasibu niliwahi kumkanya mbele ya ndugu zake asiweke sahihi kwenye deni la mtu. Aliogopa deni, lakini mdomo wangu aliuogopa zaidi. Hilo liliniuma kuliko mwanamke niliyekuwa nimemtunga.

Usiku ule hatukulala. Tukachukua daftari, tukaandika tunachokijua: rafiki ana dada yake wapi, pikipiki ina namba gani, nani alimwona mwisho. Jumamosi iliyofuata tukapanda Coaster kuteremka Kyela, tumevaa masweta ya Tukuyu kwenye joto lile kama wendawazimu. Kijiweni pikipiki tukaiona, shemeji wa rafiki ndiye anaiendesha. Mimi nikamshika mkono mume wangu nikamnong'oneza, "Asta tumemsahau nyumbani." Tulicheka mpaka waendesha boda wakatushangaa. Mwishowe rafiki mwenyewe akaja, tukakaa na wazee wa familia, akakubali kulipa nusu. Nusu nyingine bado tunailipa sisi, na bati bado linavuja. Lakini sasa hesabu ninaifahamu.

Niseme ukweli, si kila kitu kwa Nick na Nora ni cha kuiga. Pombe yao imezidi. Na kuna mahali jambazi anaingia chumbani na Nick anampiga Nora ngumi adondoke nje ya njia ya risasi, eti kumwokoa. Nora akizinduka analalamika kwamba kakosa kuona pambano. Hapo sikucheka.

Ila nimegundua mambo. Walioandika ile picha, Frances Goodrich na Albert Hackett, walikuwa mke na mume kweli. William Powell na Myrna Loy walioigiza hawakuwahi kuoana, ingawa walicheza pamoja picha 14 na mashabiki wengi waliamini ni wanandoa. Na mwongozaji wake, W. S. Van Dyke, mwaka 1929 alikuwa huku kwetu Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, akipiga picha ya Trader Horn. Mume wangu anadai ndiyo maana tumeelewana naye.

Mfululizo una picha sita, ya mwisho ya 1947. Tuko ya nne, sahani ya mbalaga katikati. Nora naye ana udadisi kunizidi mimi, lakini hajawahi kumpeleleza mume wake. Anapeleleza pamoja naye. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kesi, namtafuta mhalifu ndani ya nyumba yangu, wakati kesi ilikuwa nje inatusubiri wote wawili.

Wewe unayesoma hapa huku jicho moja liko kwenye simu ya mwenzako inayochaji, hebu iache. Muulize.

Tukutane mwezi ujao, mvua ikipenda.