Mama asiyeona asisomewe meseji zake

Leo nina neno kuhusu mama asiyeona. Tarehe ya kliniki, majibu ya vipimo, hata meseji ya pesa, vyote anasomewa na shemeji au mtoto wa jirani. Mimi kama nesi nasema hapana. Siri ya mgonjwa ni yake mwenyewe.

Simu nyingi za Android zina TalkBack, inasoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Ingia Mipangilio, Ufikivu, halafu TalkBack. Tatizo wengi wakiiwasha simu inabadilika, wanaizima kwa hasira. Jamani, mwalimu yumo humo humo! Kwenye mipangilio ya TalkBack kuna mafunzo ya hatua kwa hatua: gusa mara moja usikie, gusa mara mbili haraka ufungue, vidole viwili kusogeza ukurasa. Mwenye kompyuta yenye NVDA, ambayo ni ya bure, abonyeze Insert na 1. Kila kitufe atakachobonyeza kitatajwa, pamoja na kazi yake ya NVDA kama ipo.

Kwa hiyo ukitaka kumsaidia, usimsomee. Mfungulie somo, mwachie simu mkononi. Akikosea, arudie. Wewe ulijifunza simu siku moja?