SAFARI NI YETU, FAIDA NI YA NANI?



Neno letu "safari" limezunguka dunia nzima. Mwingereza analisema, Mmarekani analisema, na Mjapani naye analisema. Na kila anayelitamka huona mbele yake simba, gari lililofunuliwa paa, na hema lenye kitanda cha shuka nyeupe. Sisi wa Tabora tunayo maana ya zamani zaidi. Kwa babu zetu safari ilikuwa mzigo begani.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, kisha Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, akatembea miezi mitatu au zaidi. Kwenda pwani alibeba pembe za ndovu. Kurudi alibeba nguo, shanga na waya. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa. Pembe zilivuka bahari zikawa vibonyezo vya vinanda na mipira ya kuchezea biliadi huko Ulaya na Marekani. Ndovu wakapungua, matajiri wakatajirika, na mpagazi akalipwa vipande vya nguo.

Nayakumbusha hayo kwa sababu safari nyingine inabisha hodi kwetu. Mwaka 2019 pori la akiba la Ugalla, lililokuwapo tangu 1965, lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Kusini zaidi iko Katavi, hifadhi ya taifa tangu 1974, ambako wakati wa kiangazi viboko hubanana katika matope ya Mto Katuma kama abiria wa daraja la tatu. Kando ya Ziwa Tanganyika iko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza maisha ya sokwe mwaka 1960, na iko Mahale, ambako milima yenye msitu hushuka mpaka ufukweni. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470. Hakuna ziwa la Afrika linalolishinda. Na Ugalla imeunganishwa na ziwa hilo kwa maji: Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi humimina ziwani.

Historia nayo ipo. Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ndiko alikokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji mwaka 1871. Hapa Unyanyembe Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani mpaka akajilipua kwa baruti ngomeni mwake mwaka 1893. Hapa alisoma Mwalimu Nyerere, na hapa hapa, Januari 1958, TANU ilikata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Tangu mwaka 2006 njia hii ya misafara imo katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia.

Wengine watasema: magharibi ni mbali, mgeni anataka Serengeti na Ngorongoro. Hoja hiyo ina ukweli, lakini imeanza kuzeeka. Treni za reli mpya zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Makutupora mpaka Tabora ulitiwa saini tangu 2021. Wageni watakuja. Jambo la kujiuliza ni hili: watakapokuja, sisi tutakuwa nani katika safari hiyo? Wenyeji, au wapagazi tena?

Nitatoa mfano mmoja. Nilipokuwa katika mafunzo ya ualimu nilipelekwa kufundisha kwa majaribio katika shule moja ya msingi ya mkoani kwetu. Niliwauliza watoto: ni nani aliyemkuta Livingstone Ujiji? Mikono yote juu: Stanley! Nikauliza tena: ni nani waliobeba mizigo ya Stanley? Kimya. Mwishowe mtoto mmoja wa nyuma akajibu, "Punda, Mwalimu." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini jioni, nikirudi kwangu, kicheko kiliniisha. Yamkini mtoto yule ni kitukuu wa mpagazi. Hakumdharau babu yake. Hakuna aliyemwambia habari zake.

Basi nasema mambo matatu.

Kwanza, hadithi isimuliwe nzima. Mgeni akifika Kwihara aambiwe habari za Susi na Chuma na wenzao, waliouchukua mwili wa Livingstone mwaka 1873, wakapita nao hapa Tabora, wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Aambiwe habari za Mirambo na Isike. Na anayemsimulia awe kijana wa hapa, aliyefundishwa kazi hiyo akalipwa mshahara wa haki, siyo aokoteze bakshishi.

Pili, warina asali wasisahauliwe. Ugalla ilipokuwa pori la akiba, watu wa vijiji vya jirani waliingia kiangazi kwa kibali, wakatundika mizinga na kuvua samaki. Katika hifadhi ya taifa sheria hairuhusu kazi hizo. Sisemi hifadhi ifunguliwe. Atakayeukata msitu ameikata na asali. Lakini aliyeacha mzinga wake kwa faida ya taifa zima anastahili kuonyeshwa faida hiyo. Apewe msitu nje ya mipaka, asali yake iuzwe langoni kwa mgeni, na mapato yanayorudi kijijini yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kila senti.

Tatu, mgeni wa kwanza awe mwananchi. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo kuliko cha mtu wa ng'ambo. Kinachotushinda ni nauli, na zaidi ya nauli ni mazoea ya kudhani kwamba mbuga ni za Wazungu. Hapa sisi viongozi tujilaumu. Tunakodi mabasi kwenda mikutanoni, lakini hatujawahi kukodi hata moja kuwapeleka watoto Ugalla. Katika tawi letu vijana wameanza kuweka fungu kila mwezi, na kiangazi hiki tutakwenda Kwihara kwa miguu, kama walivyokwenda wazee. Kwa basi tutakwenda fungu likitosha.

Mwaka 1961, kule Arusha, Mwalimu aliahidi kwamba tutawatunza wanyama na mapori yetu ili wajukuu warithi. Mjukuu huyo leo yuko Sikonge, yuko Urambo, yuko Kaliua, na ndovu amemwona kwenye noti tu. Ahadi haijatimia mpaka naye afike.

Safari ni hatua. Tuianze.