UCHAMBUZI: Mwanasoka anapoangika daluga, nani amsamehe nani?

WAHENGA walinena kwamba kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hata hivyo, katika ulimwengu wa soka kuna makosa ambayo mchezaji huyatenda mara moja tu, katika dakika moja, kisha yakaandamana naye hadi siku anapoangika daluga, na pengine hadi kaburini.

Mnamo Desemba 1, 2022, nchini Qatar, mshambuliaji Luis Suarez aliketi mbele ya wanahabari siku moja kabla ya Uruguay kuvaana na Ghana katika Kombe la Dunia. Aliulizwa swali ambalo Waafrika wengi walikuwa wamelisubiri kwa miaka 12: je, yu tayari kuomba radhi? Jibu lake lilikuwa kavu. Alisema hawezi kuomba msamaha kwa kuunawa mpira, kwani si yeye aliyepoteza penalti. Akaongeza kwamba pengine angeomba radhi iwapo angekuwa amemjeruhi mchezaji.

Ili kuelewa uzito wa jibu hilo, sharti turejee katika uwanja wa Soccer City, Johannesburg, usiku wa Julai 2, 2010. Ghana walikuwa wakimenyana na Uruguay katika robo fainali. Mambo yalikuwa sare ya 1-1 na muda wa ziada ulikuwa ukiyoyoma. Dominic Adiyiah alipiga mpira kwa kichwa kuelekea nyavuni. Suarez, akiwa amesimama kwenye mstari wa goli, aliuzuia kwa mikono yote miwili. Refa alimwonyesha kadi nyekundu na kuwapa Ghana penalti. Hakuna taifa lolote la Afrika lililokuwa limewahi kufika nusu fainali, na sasa bara zima lilikuwa limebakisha mkwaju mmoja tu.

Asamoah Gyan, aliyekuwa na umri wa miaka 24, aliutwaa mpira na kuupiga. Ukagonga mwamba wa juu na kupaa. Suarez, aliyekuwa akielekea chumbani huku akibubujikwa na machozi, alionekana akirukaruka kwa furaha. Uruguay walishinda kwa mikwaju 4-2 na baadaye Suarez akajisifu kwamba 'mkono wa Mungu' sasa ulikuwa wake.

Kwa mujibu wa kanuni za soka, deni la Suarez lililipwa. Alifukuzwa uwanjani, wapinzani wakapewa penalti, naye akaikosa nusu fainali ambayo Uruguay walishindwa 3-2 na Uholanzi. Wanaomtetea husema kwamba mtu aliyekwisha kuadhibiwa hadaiwi tena. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haijibu swali lote. Kilichowakera Waghana zaidi si ule mkono pekee bali shangwe iliyofuata, mtu akirukaruka juu ya huzuni ya mwenzake. Kwa jambo hilo hakuna kadi, na ndipo mahali pa msamaha.

Wala haifai kusema kwamba Suarez ni mtu asiyejua kuomba radhi. Katika Kombe la Dunia la 2014 alimng'ata beki wa Italia, Giorgio Chiellini, begani. Alifungiwa mechi tisa za kimataifa na kupigwa marufuku ya miezi minne kushiriki shughuli zozote za soka. Siku chache baadaye alimwomba Chiellini msamaha hadharani, naye Mwitaliano huyo akamjibu kwamba yote yamesahaulika. Hivyo basi, msimamo wake unaeleweka: akiumiza mwili wa mtu, huomba radhi, lakini ambapo hakuna jeraha linaloonekana, haoni deni. Hapo ndipo anapokosea, kwa sababu kuna majeraha yasiyotoka damu.

Je, aliyejeruhiwa alisemaje? Hili ndilo jambo ambalo mashabiki wengi wamelisahau. Usiku ule ule, mashavu yake yakiwa hayajakauka machozi, Gyan alikiri kwamba Suarez alikuwa shujaa katika nchi yake, kwa kuwa mpira ulikuwa ukiingia naye akauzuia. Hakumtukana wala hakudai kisasi. Aidha, dakika chache baada ya kupoteza penalti ile, ndiye aliyejitokeza kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana katika kuamua mshindi, na akafunga. Kwa kijana wa umri wake, huo ulikuwa ujasiri wa kupigiwa mfano.

Aliyemwelewa mpinzani wake upesi namna hiyo hakupata wepesi huo kutoka kwa wenzake wote. Mnamo Februari 2012, Gyan alipoteza penalti nyingine katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Bata, Guinea ya Ikweta, nao Zambia wakaibwaga Ghana 1-0. Lawama zilizomwangukia zilimfanya ajiondoe kwa muda katika timu ya taifa. Baadaye alisimulia kwamba mamake, aliyefariki kutokana na ajali ya barabarani mwaka huo huo, alikuwa amemsihi asipige tena penalti. Mzazi alikuwa ameona mateso ya mwanawe, akataka kumkinga dhidi ya umma uliokuwa ukimshangilia jana yake.

Hebu tupige hesabu kwa haki. Katika fainali zile za Afrika Kusini, Ghana walifunga mabao matano, na matatu kati ya hayo yalikuwa ya Gyan. Alifunga penalti dhidi ya Serbia na nyingine dhidi ya Australia, kisha akafunga bao la ushindi dhidi ya Marekani katika muda wa ziada. Yaani, asingekuwapo, huenda Ghana wasingefika Soccer City hata kidogo. Ndiye mfungaji bora wa timu hiyo kwa mabao 51, na mabao yake sita ya Kombe la Dunia ni mengi kuliko ya Mwafrika mwingine yeyote kufikia fainali za Qatar. Lakini mtaje Gyan katika baraza lolote la mashabiki uone ni tukio gani litakalotajwa kwanza.

Mwisho wa safari yake haukuwa laini. Mwaka wa 2019 alipokonywa unahodha, akatangaza kustaafu timu ya taifa, kisha akarejea baada ya kusihiwa na Rais Nana Akufo-Addo. Mwaka wa 2022, akiwa na umri wa miaka 36, bado alitamani kucheza Qatar. Hakuitwa. Mnamo Juni 2023 alitangaza rasmi kustaafu. Mtu hawezi kujizuia kudhani kwamba nafasi aliyoililia ilikuwa ya kufuta ile dakika moja.

Laiti angejua jinsi kisasi kisivyoshibisha! Ghana na Uruguay walipokutana Desemba 2, 2022, Ghana walipata penalti mapema, nahodha Andre Ayew akaipoteza. Uruguay walishinda 2-0. Hata hivyo, Korea Kusini waliwafunga Ureno bao katika dakika za majeruhi, na Uruguay wakang'olewa kwa kuwa walikuwa wamefunga mabao machache kuliko Wakorea. Suarez, aliyekuwa amekwisha kupumzishwa, aliketi benchini akilia, uso ameufunika kwa jezi. Hilo lilikuwa Kombe lake la Dunia la nne, akiwa na umri wa miaka 35, na Septemba 2024 aliiaga timu ya taifa akiwa mfungaji wake bora kwa mabao 69. Mashabiki wa Ghana walishangilia machozi yake japo timu yao pia ilikuwa imetolewa. Walimfanyia yale yale waliyomlaumu kwayo kwa miaka 12, na asubuhi yake hakuna aliyekuwa ameongezewa chochote.

Asiyeamini kwamba jambo hili laweza kumharibia mtu maisha na amkumbuke Moacir Barbosa. Huyo alikuwa kipa wa Brazil waliposhindwa 2-1 na Uruguay hao hao katika uwanja wa Maracana mnamo Julai 16, 1950. Alilaumiwa kwa bao la pili, na baada ya hapo aliitwa timu ya taifa mara moja tu. Kabla ya kufariki Aprili 2000, alisema kwamba kifungo kirefu zaidi nchini Brazil ni miaka 30, ilhali yeye alikuwa ametumikia 50 kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Tofauti kati ya mwanasoka na sisi wengine ni kwamba yeye hustaafu mapema. Mwalimu au karani wa umri wa miaka 35 bado ana robo karne ya kurekebisha makosa yake kazini. Mwanasoka wa umri huo hana mechi nyingine ya kujitetea. Atakayoishi nayo kwa miaka 40 inayofuata ni jina ambalo umma utamwachia.

Wakenya nao si wageni wa maumivu haya. Mnamo Agosti 2025, katika uwanja wa Kasarani, Harambee Stars walibanduliwa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya CHAN. Waliokosa mikwaju yao ni vijana wa ligi ya nyumbani, tunaokutana nao sokoni na katika matatu. Kauli tunazowatupia siku moja huenda zikawafuata hadi uzeeni.

Nasi tunaohariri kurasa za magazeti hatuwezi kunawa mikono. Mara ngapi nimeufupisha usiku mzima wa watu 11 kwa kichwa cha habari chenye jina la mmoja, eti kwa kuwa ndilo lililotosha nafasi? Msomaji huyasahau maelezo yaliyo chini, lakini kichwa hukumbukwa.

Suarez angepungukiwa nini kwa kusema kwamba anajutia shangwe yake, hata kama hajutii mkono wake? Hakuna. Lakini Gyan hakumsubiri. Waliobaki na kinyongo ni sisi tuliokuwa tukitazama. Ikiwa aliyepigwa amesamehe, sisi tunadai kwa niaba ya nani? Na tutamsamehe lini yeye mwenyewe, mtu ambaye dhambi yake ilikuwa kukubali kuupiga mpira ambao wengine waliogopa kuugusa?