Ukuta Uliochorwa si Uchafu wa Kupakwa Chokaa

Yako maneno yasemwayo na baadhi ya Wakristo wa huku kwetu, kutoka Magu hata Sengerema, ambayo siwezi kuyapita kimya. Husema kwamba picha zilizochorwa katika nyumba za wachezea nyoka, yaani wale Bayeye wa Usukuma, ni takataka za kipagani. Kwamba ukuta wa namna hiyo ukionekana po pote yafaa ukwanguliwe upesi au upakwe chokaa. Na kwamba auachaye ni Mkristo nusu. Tena wasemaji hao si watu wajinga. Wengine ni walimu wenzangu, wenye vyeti, wanaofundisha historia watoto wetu. Ndiyo sababu nataka kushindana nao hapa, mbele ya watu.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Bayeye ni chama cha watu waliojifunza kukamata nyoka, kucheza nao ngomani, na kuwatibu walioumwa. (Siku hizi mtu akiumwa na nyoka apelekwe hospitali, asicheleweshwe, simwiti mtu arudi nyuma katika hilo.) Chama hicho kilikuwa na nyumba zake za kukutania, na katika kuta za ndani, kuta za udongo tu, walichora nyoka, na watu, na viumbe vya katika masimulizi yao. Mwanachama mpya alipoingizwa alifundishwa mbele ya picha hizo. Basi ukuta ndio uliokuwa kitabu cha shule yao.

Hans Cory, aliyezaliwa Austria, akaitumikia serikali ya Tanganyika katika kazi ya kuchunguza mila, akakaa Mwanza miaka mingi, alizikusanya picha hizo katika kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1953. Nyumba ya udongo haina umri mrefu: mchwa hula miti yake, mvua hubomoa kuta zake, na wenyewe huhama. Hivyo kijana wa Kisesa au wa Misungwi atakaye kuona babu zake walichora nini ukutani, imempasa kutafuta kitabu cha London. Mimi naona haya kwa jambo hilo, na wao wanaokwangua hawaoni.

Hapo ndipo mwenzangu hunijibu, “Mwalimu, picha si historia. Historia ni maandishi. Watu wasioandika hawana historia.” Naye akitaka kunionyesha watu wenye historia hunitajia Ulaya. Vema, twende huko huko Ulaya.

Katika Ufaransa, mji wa Bayeux, iko nguo moja ya kitani, urefu wake unakaribia meta 70, na kimo chake chapata nusu meta tu. Ilitariziwa kwa nyuzi za sufu za rangi nyingi, yapata miaka 900 na zaidi iliyopita, nayo yasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari mwaka 1066 akampiga Harold, mfalme wa Waingereza, katika vita vya Hastings. Maneno yamo, ya Kilatini, lakini ni machache sana, kama mtu anayeonyesha kwa kidole na kutaja majina. Kinachosimulia ni picha.

Na picha hizo zasimulia mambo gani! Utaona watu wakikata miti kwa mashoka, wakichonga mbao, wakiunda vyombo na kuvikokota mpaka majini. Fundi wa mitumbwi wa Ukerewe akiitazama ataelewa bila mkalimani. Utaona wapishi wakichoma nyama vijitini, mishikaki kabisa, na askofu akiibariki meza kabla ya kula. Utaona watu wakiinyoshea vidole nyota yenye mkia, ile ile iitwayo ya Halley, ambayo ilionekana tena mwaka 1910 na mwaka 1986. Utaona askari wakiitia moto nyumba, na mwanamke akitoka humo amemshika mtoto wake mkono. Mwandishi wa mambo ya wafalme angelikuwa na nafasi gani kwa mwanamke yule? Aliyeshona alimpa nafasi, na leo tunajua kwamba vita vile havikuwa vya wafalme peke yao. Wataalamu wa Ulaya wasipopata neno katika vitabu huiendea nguo ile na kuhesabu makasia, ngao na matandiko ya farasi. Mwaka 2007 UNESCO iliiandika katika daftari la Kumbukumbu ya Dunia. Picha, ndugu yangu. Picha za kushonwa kwa sindano.

Sasa nauliza: ni nani walioitunza? Ni watu wa Kanisa. Daftari la mali ya kanisa kuu la Bayeux la mwaka 1476 laitaja, kwamba hutundikwa kuzunguka kanisa kwa siku za sikukuu. Nayo si nguo takatifu hata kidogo! Katika pindo zake za juu na chini wamo watu walio uchi, zimo hadithi za wanyama zilizotoka kwa Wayunani wa kale wasiomjua Kristo, na chini ya vita wamelala maiti wakivuliwa mavazi yao ya chuma. Mapadre wa Bayeux walipita mbele ya mambo hayo miaka mamia, wakasali sala zao, wala imani haikuwatoka. Je, imani ya Mkristo wa Mwanza ni nyepesi kiasi gani hata ianguke kwa nyoka wa mkaa na chokaa?

Waliotaka kuiharibu walikuwapo pia, tena si wapagani. Mwaka 1792, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, watu wa mji ule ule wa Bayeux waliichukua wakataka kufunikia mizigo ya gari la askari. Kwao ilikuwa turubai tu. Mwanasheria mmoja wa mji akaiokoa. Sitaki mtu adhani kwamba Wazungu huzaliwa wakijua kutunza vitu vya kale.

Wengine watasema kwamba picha hudanganya. Naam, hudanganya, na kitabu je? Nguo ya Bayeux yaonyesha Harold akiapa juu ya masalio ya watakatifu mbele ya William, ili tumwone kuwa mvunja kiapo, na hayo ni maneno ya upande ulioshinda. Tena karibu na jina la Harold yuko mtu mwenye mshale jichoni, na mwingine akikatwa kwa upanga. Mpaka leo wataalamu hubishana ni yupi aliye mfalme, kwa maana mahali pale palishonwa upya katika karne ya 19. Lakini shahidi wa upande mmoja hafukuzwi barazani, huulizwa maswali. Naye aliyekwanguliwa hawezi kuulizwa neno.

Najua silaha yao ya mwisho, maana nimetupiwa mara nyingi: Mfalme Hezekia. Alimvunja yule nyoka wa shaba aliyefanywa na Musa, kwa kuwa Waisraeli walimfukizia uvumba. Ni kweli, limeandikwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18. Lakini someni mstari wote wa nne, msikome katikati. Aliyeandika habari ile ametuambia nyoka yule alifanywa na nani, watu walimtendea nini, na hata jina lake, Nehushtani. Kitu kilivunjwa, habari yake ikahifadhiwa. Ninyi mnavunja na kufuta habari pia. Tena nyumba nyingi za Bayeye ziliachwa na wenyewe zamani, na hakuna afukizaye uvumba humo ila popo.

Wala msiniambie kwamba hayo ni mawazo ya mwalimu mmoja aliyesoma vitabu vingi mno. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alisoma seminari ya Rubya, akaishi na kufa Mkristo. Katika mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa lugha ya Kikerewe, maisha ya wazee wake kabla ya Wazungu kuja: ndoa zao, uganga wao, pombe yao, kilimo na uvuvi wao. Hakuwatukana wala hakuwapaka chokaa. Kwa Kiswahili kitabu chake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Nako Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada alijenga kanisa lenye alama za utemi wa Kisukuma, na kando yake ikawekwa nyumba ya makumbusho yenye ngoma za watemi na vyombo vya wachezaji wa Bagika na Bagalu. Mgeni atoka mbali akavione; sisi tulio mwendo wa baiskeli hatuendi.

Liko pingamizi moja tu ninaloliheshimu, nalo latoka kwa wazee wa chama wenyewe: kwamba picha zile zilikuwa siri ya walioingizwa. Hilo ni neno la mwenye mali. Mzee akikataa kueleza, aachwe na siri yake. Lakini wengi hawakatai. Wengi hawajaulizwa, kwa sababu sisi tuliojua kalamu tulikuwa tukitafuta chokaa.

Katika nguo ya Bayeux yuko mtu mfupi ashikaye farasi, na karibu naye limeandikwa jina: Turold. Hatujui kwa hakika alikuwa nani, ila jina lake limebaki miaka mia tisa kwa herufi sita tu. Ukutani kwetu hakuna herufi. Majina yamo vichwani mwa wazee wachache, na kila mwaka tunawazika. Basi mwalimu aliye karibu na nyumba ya namna hiyo, kama bado imesimama, aende na daftari kabla ya masika. Apige picha kwa simu yake, kila ukuta, na achore mwenyewe kwa penseli, maana simu huanguka majini. Aandike jina la kijiji, tarehe, jina la mchoraji, rangi zilitengenezwa kwa nini, na kila mtu au nyoka aliyechorwa anaitwa nani. Mzee asipojua jina, iandikwe hivyo hivyo, kwamba hajui. Daftari moja libaki shuleni, na la pili lipelekwe Bujora.