Namba sahihi ya akaunti peke yake haitoshi kumfikia mlipwaji

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake hutengewa asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, hupitia akaunti za benki za vikundi. Kwa kikundi cha wauza samaki wa Kunduchi, Manispaa ya Kinondoni, kosa la tarakimu moja laweza kuchelewesha mtaji wa msimu mzima.

Makosa hayo hayafanani. Baadhi ya akaunti huanza na sifuri, nayo jedwali la kompyuta huifuta likiidhani namba hiyo ni kiasi. Mara nyingine tarakimu mbili jirani hubadilishana nafasi. Kanuni ya Hans Peter Luhn, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1960 na kutumika katika kadi za benki, hunasa kila kosa la tarakimu moja. Hata hivyo, 09 ikigeuzwa 90 hupita bila kugundulika.

Hatari kubwa zaidi ni namba iliyo kamili lakini ya mtu mwingine. Uhakiki wa muundo huonyesha kuwa namba inawezekana. Mmiliki hujulikana kwa jina tu.

Kwa hiyo, inashauriwa viongozi wa kikundi wanakili namba kutoka taarifa ya benki, si kwa kukumbuka, na jina la akaunti lilinganishwe neno kwa neno na cheti cha usajili kabla ya fedha kutumwa.